Hesabu Mapigo Yako, Kisha Useme Amina



Neno la leo ni gumu, na najua kuna watakaosema mchungaji amepoa kiroho. Naomba usome mpaka mwisho kabla hujaniandikia chochote.

Fungua Luka 17, habari ya wale watu kumi wenye ukoma. Walimlilia Yesu, naye akawaambia waende wakajionyeshe kwa makuhani. Katika sheria ya Musa, kuhani ndiye aliyekuwa na kazi ya kukagua ngozi na kutangaza kama mtu ni safi. Walitakasika wakiwa njiani. Umeona utaratibu wa Bwana? Anaponya, na bado anakutuma kwa mtu aliyepewa kazi ya kukukagua. Hakuogopa ukaguzi. Uponyaji wa kweli hauogopi kipimo.

Sasa nina ungamo.

Kuna mama mmoja katika kanisa letu anayeuza omena. Ameniruhusu niandike haya, mradi nisitaje jina lake. Moyo wake ulikuwa ukidunda ovyo, mara mbio, mara unaruka. Alikwenda kliniki akapewa dawa za kumeza kila siku na kadi ya kurudi kupimwa damu. Akaja kwenye kesha yetu, tukamwombea. Saa tisa usiku akasema moyo umetulia. Jumapili akasimama mbele ya kanisa akashuhudia kwamba amepona, na dawa amezitupa chooni.

Mimi ndiye niliyeshika kipaza sauti. Mimi ndiye niliyepaza sauti, "Haleluya! Wangapi wanaamini?" Kanisa zima liliruka.

Wiki ya tatu, siku ya soko hapa Katito, mkebe wa kupimia omena ukamwanguka mkononi. Mteja alidhani anacheka, kumbe mdomo ulikuwa umekwenda upande. Tulimbeba hadi hospitalini. Daktari kijana akaniuliza swali moja tu: "Ni nani alimwambia aache dawa?" Nikatazama sakafu.

Mama huyo yuko hai, namshukuru Mungu. Mkono wake wa kulia haufanyi kazi, na maneno yake ni machache. Omena sasa anauza binti yake, ambaye alipaswa kuwa shuleni. Yule mama alinisamehe kabla sijaomba msamaha. Ndiyo sababu siwezi kunyamaza.

Mpendwa, elewa kwanza ugonjwa wenyewe, kwa sababu uongo mwingi hupandwa mahali pasipo na maarifa.

Moyo una vyumba vinne, viwili juu na viwili chini. Vyumba vya juu hujikaza na kusukuma damu chini, halafu vya chini huisukuma mwilini. Ni kama mpiga ngoma wetu wa Jumapili: akishika mdundo, wote tunaimba pamoja. Katika ugonjwa huu, ambao kwenye kadi yako pengine umeandikwa AF, vyumba vya juu haviji pamoja. Vinatetemeka tu. Ni kama wapiga ngoma ishirini, kila mmoja na wimbo wake.

Hatari kubwa haiko kwenye makelele hayo. Damu isiposukumwa vizuri hutuama katika vyumba vya juu, kama maji ya mafuriko yanavyotuama kwenye mashamba ya mpunga kule Ahero. Damu iliyotuama huganda. Bonge likitoka hapo na kupanda kwenye ubongo, hicho ni kiharusi. Mtu mwenye ugonjwa huu ana hatari ya kiharusi kama mara tano ya mtu asiye nao.

Wengi hupata ugonjwa huu kwa sababu ya presha iliyokaa miaka bila kutibiwa. Lakini kwetu Afrika kuna mlango mwingine, na wanaoingia nao ni vijana. Mtoto anaumwa koo, hatibiwi vizuri, anapata homa ya baridi yabisi, na homa hiyo inaharibu valvu za moyo. Miaka inapita. Akiwa binti wa miaka ishirini na kitu, moyo unaanza kuruka. Utafiti uliochapishwa 2015 uliwafuata wagonjwa 3,343 wenye mioyo iliyoharibiwa hivyo, katika nchi 12 za Afrika, pamoja na India na Yemeni. Nusu yao walikuwa na miaka 28 au chini ya hapo. Theluthi mbili walikuwa wanawake.

Kwa hiyo usiniambie huu ni ugonjwa wa wazee. Wala usiniambie ni chira, au kwamba kuna jirani amekutupia kitu. Na haya si nyawawa ya kufukuzwa kwa kupiga mabati na sufuria. Ni damu iliyotuama. Ina sababu na ina dawa.

Sasa nataka kupigana na uongo wa aina tatu. Nimesikia wote madhabahuni, na mmoja niliuhubiri mwenyewe.

Uongo wa kwanza unasema: ukijisikia vizuri, umepona.

Nisikilize hapa, maana hapa ndipo yule mama alipoanguka. Kwa watu wengi ugonjwa huu huja na kuondoka. Leo moyo unaruka, kesho umetulia wenyewe, ukiwa umeombewa au hujaombewa. Kuna wengine moyo unatetemeka mchana kutwa na hawasikii lolote. Basi utulivu ulioupata saa tisa usiku hauwezi kuwa ushahidi. Huenda Mungu amegusa. Huenda ni tabia ya ugonjwa. Wewe hujui, na mimi mchungaji wako sijui. Anayejua ni mashine inayochora mapigo ya moyo, na hata hiyo huchora dakika ile tu uliyolala pale. Ndiyo maana daktari anaweza kuona mchoro mzuri na bado akakuambia uendelee na dawa, kwa kuwa bonge la damu halisubiri moyo uruke mbele ya watu.

Mungu anaponya? Ndiyo. Nimeona, na nitakufa nikiamini. Lakini kama amekuponya, kumeza kidonge wiki nne zaidi mpaka tarehe ya kliniki hakutafuta uponyaji wake. Na kama bado, kidonge hicho ndicho kilichosimama kati yako na kitanda. Niambie, kwa kusubiri daktari aseme, unapoteza nini?

Uongo wa pili unasema: hiyo warfarini ni sumu ya panya.

Wanaosema hivi wana nusu ya ukweli, na nusu ya ukweli huua haraka kuliko uongo mtupu. Ni kweli warfarini iliuzwa kwanza kama sumu ya panya, mwishoni mwa miaka ya 1940 huko Marekani. Kuanzia 1954 ikaruhusiwa kutumiwa kwa binadamu, na mwaka uliofuata Rais Eisenhower wa nchi hiyo alipewa baada ya kupata shambulio la moyo. Kinachotenganisha sumu na dawa hapa ni kipimo. Chumvi inakoleza samaki. Mimina kilo nzima kwenye sufuria uone kama kuna atakayekula.

Na kwa kuwa ni suala la kipimo, kuna namba unayopaswa kuijua kama unavyoijua namba yako ya simu. Inaitwa INR. Inaonyesha damu yako inachukua muda gani kuganda. Kwa wagonjwa wengi wa AF inatakiwa iwe kati ya 2 na 3. Ikishuka chini ya 2, bonge linaweza kutokea. Ikipanda sana, unaweza kuvuja damu, hata ndani ya kichwa. Ukienda kliniki usirudi nyumbani bila kuuliza: "Daktari, INR yangu ni ngapi leo?"

Kuna ndugu pia anayetumiwa dawa mpya na jamaa aliye ng'ambo, anaambiwa aache warfarini kwa sababu ya zamani. Pole pole, ndugu yangu. Dawa hizo mpya ni nzuri kwa wagonjwa wengi. Lakini mwaka 2022 ulichapishwa utafiti mkubwa uliofanywa Afrika, Asia na Amerika ya Kusini, kwa wagonjwa zaidi ya 4,500 ambao AF yao ilitokana na valvu zilizoharibiwa na baridi yabisi. Waliolinganishwa ni wale wa dawa mpya ya rivaroksabani na wale wa dawa za jamii ya warfarini. Wa dawa ya zamani ndio waliofanya vizuri zaidi, na vifo vyao vilikuwa vichache. Kwa hiyo dawa ya mjomba wako wa Minnesota huenda si yako. Muulize daktari wako ndipo ubadilishe.

Uongo wa tatu unasema: kupima kila mara ni kukosa imani.

Naamani aliambiwa ajichovye Yordani mara saba, na akakasirika kwa sababu alitaka nabii atoke nje, apunge mkono, mambo yaishe (2 Wafalme 5). Watumishi wake ndio waliomrudisha akili. Sisi pia tunapenda mkono upungwe. Hatupendi mara saba. Hatupendi kidonge kila jioni, matatu ya Kisumu kupitia Ahero, foleni na kudungwa kidole. Hezekia aliomba, Mungu akasikia, na bado Isaya akaagiza mkate wa tini uwekwe kwenye jipu (2 Wafalme 20). Timotheo alikuwa na Paulo, mtu ambaye hata leso zake ziliponya wagonjwa, na bado Paulo alimpa ushauri wa tumbo lake kwa barua. Luka aliyesafiri naye alikuwa tabibu. Hakuna aliyemfukuza kwenye safari ya injili.

Tena hapa magharibi mwa Kenya tumeona utaratibu huu ukifanya kazi. Katika hospitali ya rufaa ya Moi kule Eldoret, wafamasia waliochini ya ushirikiano wa AMPATH walianzisha kliniki ya dawa hizi za damu. Wanapima kwa tone la kidole na kurekebisha dozi. Matokeo yao ya 2011 yalionyesha wagonjwa walikuwa ndani ya kiwango karibu theluthi mbili ya muda, sawa na kliniki za nchi tajiri. Wagonjwa hao ni wakulima na wachuuzi kama mimi na wewe. Siri yao ni kwamba walirudi kliniki. Nidhamu hiyo naiita imani.

Sasa nawageukia wachungaji wenzangu, kwa heshima lakini bila kuficha.

Mtumishi wa Mungu, ukimwambia mgonjwa aache dawa, hutakuwepo siku ya kiharusi. Utakuwa kwenye kongamano. Atakayekuwepo ni binti yake wa kidato cha pili, akimgeuza mama kitandani. Ukimuuzia mafuta na maji kwa bei ya nauli yake ya kliniki, umemla mjane nyumba yake. Ukimfungisha kavu siku saba mtu anayetumia dawa za moyo, unafanya nini? Nchi hii ilizika watoto wa Shakahola. Mwaka 2023 miili zaidi ya 400 ilifukuliwa katika msitu ule, na yote ilianza na mhubiri aliyesema neno lake linatosha. Hatuwezi kuendelea kuhubiri kana kwamba halikutokea.

Nawe muumini, acha kunisukuma mimi na wenzangu. Mnapenda ushuhuda wa moto. Dada akisema, "Namshukuru Mungu, INR yangu imekaa 2.4 miezi mitatu," mnapiga makofi ya baridi. Akisema amezitupa, mnaruka. Ninyi pia mmetufundisha tuhubiri tunavyohubiri.

Basi shika haya, uyaandike nyuma ya daftari lako la mahubiri.

Asubuhi, ukiwa umekaa na umetulia, weka vidole viwili chini ya kidole gumba, kwenye kifundo cha mkono. Usitumie kidole gumba kupima, kina mapigo yake. Hesabu dakika nzima, usihesabu nusu kisha uzidishe, kwa sababu moyo unaoruka hudanganya nusu dakika. Mtu mzima aliyetulia huwa kati ya 60 na 100. Andika tarehe na namba, na kama mdundo ulikuwa sawa au unaruka. Mwombe daktari akuandikie namba yako ya chini na ya juu ambazo ukizipita unaenda kliniki bila kungoja tarehe. Mashine ya presha, ile ya kliniki na ile wanayobeba wahudumu wa afya wa kijiji, inaweza kukosea moyo unaporuka, kwa hiyo pima zaidi ya mara moja.

Meza warfarini saa ile ile kila siku. Ukisahau na ukakumbuka siku hiyo hiyo, meza. Ukikumbuka kesho yake, usimeze mbili. Andika kwamba ulikosa, umwambie daktari.

Mboga usiache. Wengi wameambiwa wasile kabisa sukuma wiki, osuga, dek, kunde na ododo. Mboga hizi zina vitamini K, ambayo hupunguza nguvu ya warfarini. Dozi yako hupangwa kulingana na chakula chako, kwa hiyo kinachokuharibia ni kuyumba: wiki hii mboga kila siku kwa sababu mvua imenyesha, wiki ijayo hakuna. Kula kiasi kile kile wiki hadi wiki. Msimu ukibadilika au ukifunga, sema kliniki.

Usinunue dawa dukani kimya kimya. Aspirini na Brufen huongeza kuvuja damu. Flagyl na Septrin hupandisha INR. Rifampisini ya TB huishusha. Hizi ni dawa ambazo nusu ya kijiji inazo nyumbani. Mwambie mwenye duka, "Mimi natumia warfarini," kabla hajakata karatasi. Miti shamba ya nyanya pia itaje kwa daktari, hata kama unaona haya. Na chang'aa inauchokoza moyo huo huo unaotaka uombewe.

Dada uliye na umri wa kuzaa, warfarini inaweza kumdhuru mtoto tumboni. Ukitaka kupata mimba, au ukihisi umepata, nenda kwa daktari haraka. Usiache mwenyewe, na usinyamaze.

Ukiona mkojo mwekundu, choo cheusi kama lami, fizi zisizoacha kutoa damu, au umegonga kichwa kwenye boda boda hata kama huoni jeraha, nenda hospitali siku hiyo. Na mtu yeyote mdomo ukienda upande, mkono ukilegea au maneno yakipotea, angalia saa, kariri dakika ilipoanza, na mpeleke. Usimwekee mikono kwanza ukingoje. Omba ukiwa ndani ya gari.

Wazazi, koo la mtoto likiuma na homa, mpelekeni, na dawa aimalize. Aliyewahi kupata homa ya baridi yabisi, ile sindano ya penisilini ya kila wiki tatu au nne asiikose.

Mwisho, haya ndiyo tutakayofanya sisi, kuanzia Jumapili hii.

Hakuna atakayeshuhudia ameacha dawa katika madhabahu yetu bila neno la kliniki mkononi. Luka 17 ni sheria ya nyumba hii. Walio na dawa za moyo hawatafunga kavu. Watafunga simu na masengenyo, na Mungu ataona. Baada ya ibada, wauguzi walio kanisani watakaa chini ya mwembe kupima presha na kufundisha kuhesabu mapigo. Sehemu ya sadaka ya Jumapili ya kwanza itakuwa nauli ya kliniki, kwenda Pap Onditi au hospitali ya Jaramogi kule Kisumu, ile tunayoiita Russia. Na sadaka ya kwanza nitatoa mimi, kwa ajili ya karo ya binti anayeuza omena.

Mpendwa, kabla hujaandika Amina hapa chini, weka vidole viwili kwenye mkono wako. Hesabu dakika moja. Kama mdundo unaruka, usiogope, lakini kesho asubuhi nenda ukajionyeshe.

Tuombe. Baba, wewe ndiwe uliyeweka mdundo huu ndani yetu kabla mama zetu hawajajua tumo tumboni. Waponye wanaosoma haya. Wasiopona leo, wape uvumilivu wa kidonge cha kila jioni. Mpe mama yetu nguvu ya mkono wake. Na utusamehe sisi wachungaji tuliopaza sauti mahali tulipopaswa kuuliza. Katika jina la Yesu, Amina.

Mtumie mtu mmoja unayejua ametupa dawa zake. Usimhukumu. Msindikize kliniki.